Hesabu ya Kelele katika Darasa la Nekesa

Kabla hujatoa kalkuleta mfukoni, funga mdomo. Ingia chumbani, simama katikati, uvumilie kidogo bila kusema neno. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii ya feni na mabomba ya hewa mnaniudhi kwa jambo moja: mnaanza kupiga hesabu mkiwa bado barabarani, simu mkononi, halafu mkifika kwenye jengo mnatafuta tu namba ya kuthibitisha mlichokwisha kuandika. Sikilizeni kwanza.

Mimi nimestaafu. Naishi Kaloleni, katika nyumba ile ile aliyopewa baba yangu alipokuwa mfanyakazi wa reli. Hapa mtaani wananiita Mama Kelele, na si kwa sababu ya mdomo wangu, ingawa marehemu mume wangu alikuwa na maoni yake kuhusu hilo. Kazi yangu ilikuwa kusema, kabla feni haijafungwa, chumba kitakuwa na kelele kiasi gani, na kama ni nyingi mno, zitapunguzwa vipi. Watu wengi hawajui kwamba kuna mtu analipwa kufanya hivyo. Wanadhani feni ikipiga kelele ndiyo dalili kwamba inafanya kazi.

Nataka niwasimulie habari za Mwalimu Nekesa na darasa lake kule Njiru. Lakini hamtaielewa vizuri msipomjua Mzee Makokha, kwa hiyo acheni nianze na yeye.

Makokha ndiye aliyenifundisha kazi. Nilitoka chuo nikiwa na cheti kizuri na majivuno ya kutosha, naye akanipeleka Umoja kwa jamaa mmoja aliyekuwa na vinu viwili vya kusaga unga ndani ya kibanda kimoja. Akamwomba awashe kinu kimoja. Mita ya kelele ikasoma desibeli tisini.

"Haya, binti," Makokha akanipigia kelele sikioni, "akiwasha cha pili, itasoma ngapi?"

"Mia moja na themanini!"

Alicheka mpaka akapangusa machozi kwa mkono uliojaa unga, akatoka pale na uso mweupe. Cha pili kilipowashwa, mita ilisoma tisini na tatu. Tatu tu zimeongezeka. Kisha akamwomba mwenye kinu azime redio yake iliyokuwa ikiimba kwa nguvu zote pale pembeni. Ikazimwa, na mita haikutikisika hata kidogo.

"Desibeli hazijumlishwi kama viazi," akaniambia tulipokuwa nje. "Kelele ikiwa chini ya ile kubwa kwa desibeli kumi, isahau. Unaweza kupoteza wiki nzima ukiizima redio na kinu kinaendelea kusaga. Tafuta kubwa kwanza."

Hayo maneno ya mwisho nimeyasema kwa kila kijana niliyemfundisha, mpaka wengine wakawa wananiigiza nikigeuka.

Hesabu yenyewe si ngumu kama mnavyoiogopa. Unaanza kwenye feni, kwa namba aliyoitoa mtengenezaji. Kisha unatembea na sauti ndani ya dakti, lile bomba la mabati linalopitisha hewa, ukiwa unapunguza njiani. Urefu wa bomba unakula kidogo. Kila kona inakula kidogo. Bomba likigawanyika kwenda vyumba vitatu, sauti nayo inagawanyika. Ukiweka sailensa, kile kisanduku cha kumeza sauti, inakula nyingi zaidi. Mwisho unafika kwenye grili, pale hewa inapoingilia chumbani, na hapo ndipo vijana wengi wanaweka kalamu chini wakidhani wamemaliza. Hujamaliza. Chumba chenyewe kinaingia kwenye hesabu. Sebule yenye makochi, pazia na zulia inameza sauti. Darasa la sakafu ya saruji na kuta tupu linairudisha yote, tena mara kadhaa.

Na usichanganye mngurumo na mchirizo. Ule mngurumo mzito wa chini upigie hesabu yake, na ule msss wa juu upigie yake, kwa maana hazisafiri sawa. Sailensa inaushika mchirizo bila taabu. Mngurumo unaipita bila hata kupunguza mwendo.

Sasa Nekesa. Huyu alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya kanisa hapa Kaloleni. Jumapili moja niliona kwamba anafungua mdomo lakini haimbi. Baada ya ibada alinifuata mpaka nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kugusa chai.

"Mama, nisaidie kabla sijawa mtu wa stoo," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, inakatika katikati ya neno.

Akanieleza. Darasa lake la nne liko karibu kabisa na Barabara ya Kangundo. Kwa sababu ya vumbi na malori, shule ilikuwa imeziba madirisha ya upande wa barabara na kufunga feni ya kuingiza hewa. Tangu siku hiyo alikuwa akipiga kelele kutwa ili watoto wa nyuma wamsikie. Koo likaanza kuuma, halafu sauti ikaanza kupotea. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kupaaza sauti hivyo, haitarudi tena. Mwalimu mkuu naye, ambaye si mtu mbaya, alikuwa ameamua: Ijumaa ingekuwa siku yake ya mwisho darasani. Baada ya hapo angehamia stoo kutunza vitabu, na mwalimu mwingine achukue darasa.

"Kufundisha ndiyo kazi ninayoipenda, Mama. Nikiwekwa pale stoo, sitarudi darasani tena, najua."

Niliumia kweli. Nilimjua huyu tangu akiwa msichana wa shule ya Jumapili. Nikamwambia anywe chai yake, na kwamba Ijumaa hiyo hatoki darasani. Alinitazama kama mtu asiyeamini, na kusema ukweli sikuwa na sababu ya kuaminiwa, maana nilikuwa hata sijaiona hiyo feni. Lakini nilikuwa nimeshasema, na mimi nikishasema sirudi nyuma.

Kumbe feni hiyo ilikuwa imewekwa na kampuni yangu ya zamani, na aliyeipigia hesabu ni Otieno, kijana niliyemfundisha mwenyewe. Nikampigia simu.

"Niaje, Mathe! Umetupotea sana."

"Otieno, feni ya shule ya Njiru uliipigia hesabu?"

"Eeh, yote. Si ulinifunza? Kwani kuna noma?"

"Kuna mwalimu anapoteza sauti."

Hakubisha. Kesho yake alikuwa getini pale shuleni kabla yangu, kompyuta mkononi. Jambo hilo nililipenda, na ninyi mliige. Ukiambiwa kazi yako ina tatizo, nenda ukaione kabla hujaanza kujitetea.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, tukaipitia hesabu yake mstari kwa mstari. Nilitafuta kosa kwa bidii, nikalikosa. Kona zote zilikuwemo. Sailensa ilikuwemo. Alikuwa amekumbuka hata kwamba darasa ni saruji tupu. Hesabu yake iliishia desibeli thelathini na tano, na ndizo tunazozitaka darasani, ili mwalimu aongee kama anavyoongea na watu mezani. Watoto walipotoka kwenda kucheza tukawasha mita. Ikasoma arobaini na nane.

Otieno akakuna kichwa. "Mathe, si tupunguze tu spidi? Tukiishusha kiasi, hii kelele inaisha."

Alikuwa sahihi. Feni ikizunguka polepole kelele hushuka upesi sana. Lakini hewa nayo hushuka. Darasa limejaa watoto, madirisha yamezibwa, na kabla ya mapumziko nusu yao watakuwa wanasinzia. Nikamwambia, "Tuliitwa hapa kuleta hewa. Kama dawa ni kupunguza hewa, basi zima kabisa twende nyumbani."

"Sawa basi. Tuanzie wapi?"

"Unajua tunaanzia wapi."

"Tafuta kubwa kwanza," akasema kwa sauti yangu, na mimi nikajifanya sikuona kwamba ananiigiza.

Mshukiwa wa kwanza huwa ni grili. Nyuma yake kuna dampa, kile kibati cha kupunguza au kuongeza hewa, na mafundi wavivu hupenda kukiweka pale pale mdomoni kwa sababu mkono unafika kwa urahisi. Hewa ikibanwa pale inapiga mluzi moja kwa moja masikioni mwa watu. Kirudishe nyuma, mbali na mdomo. Na bomba lile la kupindika, lile laini, lisikunjwe. Kuna mwenye hoteli pale Umoja aliyeongeza vyumba hotelini kwake mpaka nafasi ikamwishia, akalikunja bomba la jikoni kama soksi na kulisokomeza juu ya dari. Wateja wake walikula samaki huku wakifikiri kuna jiko la gesi linalovuja, na walikuwa wakikimbia kabla ya kulipa. Tulilinyoosha lile bomba, mluzi ukaisha na wateja wakarudi.

Basi tukaomba godoro kutoka chumba cha wagonjwa pale shuleni. Otieno akapanda juu ya dawati, akaligandamiza kwenye grili kwa mabega na kichwa. Watoto walikuwa wamekuja kuchungulia mlangoni, na walifurahi sana kumwona mhandisi akipigana mieleka na godoro. Mchirizo ulikufa pale pale. Lakini mngurumo ulibaki vile vile, na mita haikushuka hata desibeli moja.

Hapo nilijua. Mngurumo huo haukuwa unakuja kwa njia ya bomba.

Niliweka kiganja kwenye nguzo iliyo karibu na ubao. Ilikuwa inatetemeka. Nikamwita Nekesa aiguse.

"Mimi nilidhani ni malori," alinong'ona.

Ngojeni niwaeleze hili vizuri, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Sauti ya feni ina njia mbili za kufika sikioni. Ya kwanza ni hewani, kupitia bomba, na hiyo ndiyo Otieno aliyoipigia hesabu. Ya pili ni kupitia jengo lenyewe. Feni inatetemeka, na ikigusana na zege, zege nalo linatetemeka, na kila ukuta unakuwa spika. Ndiyo maana tunaikalisha feni juu ya springi, na tunaiunganisha na bomba kwa kipande cha turubai badala ya bati. Ukifanya hivyo njia ya pili imefungwa, na huna haja ya kuipigia hesabu. Otieno alikuwa amefanya hivyo, alinionyesha hata picha za springi. Kwa hiyo mtu alikuwa ameifungua njia hiyo baada yake.

Tukapanda juu. Mnayajua mapaa ya mitaa yetu hii ya Eastlands: slabu tambarare, na kila nguzo imeacha nondo zikichungulia angani, zikingoja ghorofa itakayojengwa Mungu akijalia. Barasa, mlinzi wa shule, alitutangulia na funguo zake, uso umechangamka. Feni ilikuwa ndani ya kizimba cha chuma, kimepakwa rangi vizuri.

"Karibu, Mama. Hii feni haiendi mahali," alisema. "Hata waje na winchi, wataacha mikono hapa."

Nikainama. Alikuwa amemleta fundi wa kuchomelea, na fundi huyo alikuwa ameunga vyuma vinene kutoka kwenye miguu ya feni, kila upande, hadi kwenye nondo za nguzo mbili. Springi zilikuwepo, mpya, hazina kazi yoyote. Feni ilikuwa imeshikamana na nondo, na nondo zinashuka ndani ya nguzo mpaka chini, pembeni mwa ubao wa Nekesa.

Kwanza nilicheka. Halafu nikapandwa na hasira, nikafungua mdomo niseme neno ambalo mama wa kanisa hapaswi kulisema.

"Pampu ya maji ilipoibiwa hapa," Barasa alisema, uso umebadilika, "wa kwanza kushikwa ni mimi. Nililala seli, Mama, na sijaiba kitu. Watoto wangu wakaitwa watoto wa mwizi."

Hasira ikaniishia.

Otieno akanivuta kando. "Mathe, twende kwa mwalimu mkuu atoe amri zikatwe. Hii ni kitu ya dakika."

Nikakataa. Amri ingeyakata yale maungio leo, na tukishageuka Barasa angemwita tena fundi wake. Anayelala na mashine yako usiku ndiye mwenye mashine. Asipokubaliana na kazi yako, hesabu yako haina maisha marefu, hata iwe nzuri namna gani. Nikavuta tofali la jengo, nikakaa.

"Barasa, unaijua sauti ya Mwalimu Nekesa?"

"Naijua sana. Si ndiye alikuwa anaanzisha wimbo asubuhi kwa paredi? Siku hizi haimbi."

"Haimbi kwa sababu ya hivi vyuma."

Nikampeleka chini, nikamwekea mkono kwenye nguzo, nikamwambia Otieno huko juu azime feni, kisha aiwashe. Barasa alishtuka akauondoa mkono. Akaurudisha tena. Tuliporudi juu alisugua rangi ya kizimba kwa kidole gumba.

"Na mkikata, ikiibiwa, nitasema nini?"

"Haitaibiwa. Tutaifunga kwa mnyororo."

Tulikaa pale mpaka jua likatuchoma. Kila tulichopendekeza, yeye alikuwa na mwizi wake kichwani wa kukishinda. Sikuondoka. Mwisho tulikubaliana hivi: mnyororo mnene kutoka kwenye mguu wa feni hadi kwenye nondo, umevishwa mpira wa maji ili chuma kisigonge chuma, na uachwe ulegee. Mnyororo uliolegea unamzuia mwizi lakini haupitishi mtetemo. Kufuli iwe ya Barasa, na ufunguo akae nao yeye. Kizimba kibaki, ila kisiiguse feni popote, kiachiane nayo kwa upana wa kiganja. Barasa alipima kwa kiganja chake mwenyewe, pande zote, kisha akauvuta mnyororo kwa nguvu zake zote mara kadhaa akijifanya mwizi.

"Hii ni sawa," alisema. Na ni yeye aliyekwenda kumwita fundi wake aje na grainda ya kukatia chuma.

Chuma cha mwisho kilikatwa Alhamisi alasiri. Feni iliruka kidogo juu ya springi zake, ikatulia. Tukashuka mbio. Mngurumo ulikuwa umekwenda, lakini sasa tulianza kuusikia mchirizo wa grili, ambao ulikuwa umefunikwa muda wote huo. Huwa ni hivyo, kubwa ikiondoka ndogo zinapata nafasi ya kusema. Otieno alitaka tuishie hapo kwa kuwa mita ilikuwa imeshuka vya kutosha kumfurahisha mtu yeyote. Mimi nikamwonyesha dampa, imekaa pale pale mdomoni. Aliona haya kidogo, akavua shati la kazi, akairudisha nyuma. Mita ikasoma thelathini na tano, namba yake mwenyewe. Sikumsifu, lakini nilimnunulia soda.

Ijumaa asubuhi niliketi dawati la nyuma kabisa, kando ya watoto wawili walionisogelea kuniangalia mvi. Nekesa alisimama mbele na kuanza kwa kupaaza sauti, kwa mazoea. Ikamkatika. Akashika koo, na nikaona macho yake yakijaa. Nikamfanyia ishara kwa mkono: shusha, shusha.

Akaanza tena, kwa sauti ndogo.

"Fungueni madaftari. Leo tunaandika imla."

"NDIYO MWALIMU!" Darasa zima lilipiga kelele, maana nao walikuwa wamezoea kupigana na feni. Kisha wakatazamana, wakacheka, wakajisikia wamekosea bila kujua kosa ni lipi. Nekesa akasoma sentensi ya kwanza polepole, kama mtu anayesomea wageni sebuleni. Hakuna aliyeuliza "umesemaje, mwalimu?" Alisoma ya pili. Nilianza kuzisikia penseli zikikwaruza karatasi. Mtoto aliye karibu yangu alimwomba mwenzake kifutio kwa kunong'ona, akapewa kwa kunong'ona.

Imla ilikuwa imefika katikati mlango uliposukumwa. Mwalimu mkuu alikuwa akipita kwenye veranda, na alikuwa hajawahi kulisikia darasa hilo likiwa kimya tangu feni iwekwe. Nekesa alikuwa ameinama kwenye kona ya mbele, nyuma ya ule mlango, akimwonyesha mtoto mahali pa kuanzia mstari. Mwalimu mkuu aliona ubao, aliona kiti kitupu.

"Hawa watoto hawana mwalimu?" aliuliza. "Nekesa ameshaenda stoo?"

Nekesa hakunyanyuka. Hakupaaza sauti. Alijibu vile mtu anavyoomba apitishiwe chumvi.

"Niko hapa."

Nilikuwa dawati la mwisho, na haya masikio yamemaliza maisha yao kwenye vyumba vya feni. Nilisikia maneno yote mawili.